WATOTO WETU WAPIMWE MAPEMA: FIMBO SI DAWA



Katika mikutano yetu tunazungumza juu ya mishahara, nyumba, saa za kazi na nauli. Hayo ni maneno ya haki na tutaendelea kuyasema. Lakini liko jambo moja ambalo wafanyakazi wengi wanalo nyumbani mwao na hawalitaji mkutanoni, wala hawamwambii hata jirani. Ni habari ya mtoto aliyetimiza miaka mitatu na bado hasemi. Ni habari ya mtoto anayeitwa jina lake wala hageuki. Ni habari ya mtoto asiyeweza kuketi darasani dakika kumi, au yule mwerevu wa maneno aliyefika gredi ya tano na hajui kusoma sentensi moja. Wengine huwaficha watoto hawa wageni wakija. Wengine huwapiga. Wengine wamekwisha kuuza mbuzi na hata kipande cha shamba ili kuwalipa waganga na wahubiri.

Leo twataka kulisema jambo hili waziwazi. Mtoto wa namna hii apaswa kupimwa mapema, na kupimwa huko ni haki yake kama chanjo ilivyo haki yake. Ye yote anayezuia asipimwe, awe mzazi, mwalimu, tajiri au Serikali, anamwibia mtoto huyo miaka ya maisha yake, na hakuna mahakama yo yote iwezayo kuirudisha.

HALI HIZI NI ZIPI?

Madaktari huziita matatizo ya ukuaji wa ubongo. Maana yake ni kwamba ubongo wa mtoto umekua kwa njia nyingine tangu tumboni au katika miaka yake ya kwanza, na kwa hiyo kusema, kujifunza, kutulia au kuchangamana na watu humwia vigumu. Yafaa kila mfanyakazi azijue kwa majina.

Kuna usonji. Mtoto huyu hapati njia rahisi ya kuzungumza na watu. Pengine hakutazami machoni, hurudia mchezo mmoja tangu asubuhi hata jioni, hukasirika kupita kiasi jambo dogo likibadilishwa, au huziba masikio kwa kelele ambazo sisi hatuzijali. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila 127 duniani alikuwa na usonji. Pigeni hesabu ndugu zangu. Kampuni yenye wafanyakazi 500, kila mmoja akiwa na watoto wanne, ina watoto 2,000. Kwa kadiri hiyo, watoto kama 15 au 16 wa kampuni hiyo moja wana usonji. Je, mnawajua? Wako wapi?

Kuna hali ya kukosa utulivu na umakini. Uchunguzi wa nchi mbalimbali umeonyesha kwamba watoto kama 5 katika kila 100 wanayo. Kuna disleksia, ambayo humfanya mtoto mwenye akili timamu ashindwe na herufi. Kuna ulemavu wa akili wenye sababu nyingi. Mmojawapo ni ule uitwao Down, ambao wataalamu wa Ufaransa walionyesha mwaka 1959 kwamba hutokana na kromosomu moja ya ziada, 47 badala ya 46. Tena kuna mtindio wa ubongo, ambao hukaza au kulegeza viungo vya mtoto. Mara nyingi hali mbili au tatu hukutana katika mtoto mmoja, na kifafa huongezeka juu yake.

WANAOSEMA “NI MARADHI YA WAZUNGU”

Wako watu husema kwamba mambo haya ni ya Ulaya na Marekani, na kwamba zamani Afrika hayakuwapo. Maneno hayo hayana msingi. Ni kweli kwamba usonji ulielezwa kwa jina hilo mwaka 1943 na Dkt. Leo Kanner huko Baltimore, Marekani, baada ya kuchunguza watoto 11. Lakini jambo kuandikwa kwanza Marekani si kusema lilizaliwa Marekani. Malaria ilikuwa ikiua watu wetu kabla ya daktari ye yote kumwona mdudu wake katika darubini.

Mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alitoa taarifa ya safari yake katika miji tisa ya Afrika, na Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi alizozitembelea. Alitafuta watoto wenye usonji katika vituo vya watoto walemavu, na akawapata. Tangu wakati ule wataalamu wetu wenyewe wamefanya kazi kubwa huko Kilifi. Profesa Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha ukuaji kinachoitwa kwa jina la Kilifi, cha watoto wa miezi 6 hadi 35, kwa vifaa ambavyo mtoto wa huko anaviona kila siku. Jambo hilo lina maana kubwa. Mtoto wa Kaloleni ukimpa kidude ambacho hajapata kukiona maisha yake, kisha ukaandika kwamba hana akili, mwenye kosa ni mpimaji.

Zaidi ya hayo, sisi tuna sababu ambazo nchi tajiri wamekwisha kuzipunguza. Uchunguzi wa Kilifi uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba karibu robo ya watoto waliopona malaria ya ubongo walibaki na kasoro za ubongo. Mtoto aliyechelewa kuvuta pumzi alipozaliwa, au aliyegeuka manjano siku za kwanza na hakutibiwa upesi, naye yumo hatarini. Haya huwapata zaidi watu wanaokaa mbali na hospitali, ambao chandarua chao kimetoboka na ambao wakunga wao hawatoshi. Watu hao ni sisi. Kama kuna watoto duniani wanaostahili kupimwa kabla ya wengine, ni wa mfanyakazi na wa mkulima.

LAANA, MAMA NA CHANJO

Sasa tuseme juu ya lawama. Mtoto akionekana hasemi, neno la kwanza katika jamaa nyingi ni: “Mama yake alifanya nini?” Wengine hutaja laana ya babu, wengine majini, wengine mahari isiyomalizika. Mwisho wake baba huondoka akaoa kwingine, na mama hubaki na mtoto na mzigo wa aibu.

Msidhani kwamba ujinga huu ni wa Afrika peke yake. Huko Marekani mwaka 1967 Bruno Bettelheim alitoa kitabu kikubwa kuwalaumu wazazi, akidai kwamba mtoto mwenye usonji alijifungia ndani ya nafsi yake kwa kukosa upendo nyumbani. Wasomi wengi walimwamini, na maelfu ya akina mama wakabebeshwa hatia isiyo yao. Lakini mwaka 1964, yaani kabla ya kitabu hicho, Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto mwenye usonji, alikuwa amekwisha kuandika kwamba hali hii ni ya mwili na si ya malezi. Siku hizi imethibitika kwamba urithi wa vinasaba ndio wenye sehemu kubwa. Na vinasaba, ndugu yangu, hutoka kwa baba na kwa mama. Mwanamume anayemfukuza mkewe kwa sababu ya mtoto huyu aanze kwanza kujifukuza mwenyewe.

Tena kuna wanaosema ni chanjo. Uvumi huu una mwenyewe. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, aliandika katika jarida la Lancet juu ya watoto 12, akahusisha usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella. Baadaye kazi yake ilichunguzwa. Mwaka 2010 jarida lilifuta makala hiyo, na mwaka huohuo yeye mwenyewe akafutwa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Huko Denmark walifuata maisha ya watoto 657,461, wakatoa taarifa mwaka 2019: waliochanjwa hawakupata usonji kuliko wasiochanjwa. Lakini surua yenyewe yaweza kuharibu ubongo wa mtoto na kumwua. Kwa hiyo anayemnyima mtoto chanjo kwa kuogopa usonji anamkimbiza katika kivuli cha moshi ili amtumbukize motoni.

Na wale wanaouza dawa za miujiza twawaonya hapa hapa. Hakuna dawa iliyothibitishwa ya kuondoa usonji. Huko Marekani wazazi waliuziwa maji yenye kemikali ya kung’arisha nguo wakiambiwa ndiyo tiba, mpaka idara yao ya dawa ikatoa onyo mwaka 2010 na tena mwaka 2019. Tapeli ni tapeli, avae kanzu, suti au koti jeupe la daktari.

FIMBO

Husemwa: samaki mkunje angali mbichi. Methali hii ni nzuri, lakini imetumiwa vibaya. Mtoto ambaye ubongo wake haumpi utulivu hawezi kupata utulivu kwa kuchapwa, kama vile asiyesikia hawezi kusikia kwa kuchapwa. Anachojifunza ni kuogopa shule. Akifika umri wa miaka kumi na mbili huiacha, na mlango wa kwanza unaomfungukia ni wa kibarua cha senti chache, au wa kituo cha polisi.

Sheria iko wazi. Fimbo iliondolewa shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza kumwadhibu mwanafunzi kwa kumwumiza mwili au kumtesa moyo. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, yasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa jina lisilomdhalilisha. Basi mwalimu anayemwita mtoto “zezeta” au “kichwa maji” mbele ya wenzake anavunja Katiba kila asubuhi, na mzazi anayefanya hivyo mezani hana ubora kumshinda.

Hata hivyo hatutamtupia mwalimu lawama zote. Naye ni mfanyakazi kama sisi. Mtu aliyepewa darasa la watoto sabini, vitabu vichache, wala hakufundishwa kutambua hali hizi, atafanyaje? Mwalimu huyo na mzazi huyo ni watu wa upande mmoja. Wote wawili wamenyimwa msaada, kisha wakaachiwa mtoto wagombane juu yake.

Mtauliza: nitajuaje kama mtoto ni mtundu tu, au ana hali ya kukosa utulivu? Wataalamu hutazama mambo matatu. Je, tabia hiyo ilianza kabla ya miaka 12? Je, imedumu miezi sita au zaidi? Je, yaonekana mahali zaidi ya pamoja, kwa mfano nyumbani na shuleni? Mtoto anayesumbua kwa mwalimu mmoja tu, au aliyeanza kusumbua wiki ile baba alipofukuzwa kazi, ana shida ya namna nyingine na apaswa kusikilizwa kwa njia nyingine. Ndiyo maana twasema apimwe. Hatusemi kila mtoto mwenye mbio apewe jina la ugonjwa.

KITABU KIMO MKONONI MWAKO

Kila mama anayehudhuria kliniki ya Serikali hupewa Kitabu cha Afya ya Mama na Mtoto. Twakitumia kuandika kilo na chanjo. Lakini ndani yake umo ukurasa unaoonyesha hatua za ukuaji, na mara nyingi ukurasa huo hubaki mtupu tangu siku ya kwanza hadi mtoto aendapo shule. Kifungueni leo usiku. Mtaona mtoto hutabasamu akiona watu kati ya wiki ya 4 na ya 6. Hukaza shingo kati ya mwezi 1 na 3. Hugeukia sauti kati ya mwezi wa 2 na wa 3. Huketi kati ya mwezi wa 5 na wa 9. Husimama kati ya mwezi wa 7 na wa 13. Hutembea kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Husema kati ya mwezi wa 9 na wa 24.

Ongezeni na dalili hizi. Mtoto wa mwaka mmoja ambaye hatoi sauti za kuchezacheza na maneno, haonyeshi kitu kwa kidole wala hageuki akiitwa, apelekwe. Wa miezi 16 asiye na neno hata moja, apelekwe. Wa miaka miwili asiyeunga maneno mawili, kama “mama maji”, apelekwe. Na mtoto wa umri wo wote aliyekuwa akisema kisha akaacha, asingojewe hata wiki moja.

Hapo ndipo jirani husema: “Ngoja, atasema tu. Hata mjomba wake alichelewa.” Neno hilo lasemwa kwa upendo, lakini limewapoteza watoto wengi kuliko chuki. Ni kweli, wako wanaochelewa kisha wakasema vizuri. Lakini wewe na jirani yako hamwezi kuwatofautisha kwa macho, na miaka ya kwanza ndiyo ubongo hukua upesi na kufundishika. Kumpima asiye na shida kwagharimu nauli na asubuhi moja. Kutompima mwenye shida kwagharimu maisha yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wala msiseme kwamba amechelewa kwa sababu nyumba yenu ina lugha tatu. Watoto wengi wa Kenya husikia lugha ya mama, Kiswahili na Kiingereza, na wanasema. Jambo la kudai ni kwamba mtoto apimwe katika lugha anayoijua.

MAHALI PA KWENDA

Kwanza, nenda kliniki ile ile ya chanjo na kitabu chako. Usiseme tu “mtoto hayuko sawa.” Sema: ana miezi mingapi, hafanyi nini, tangu lini. Kama una simu yenye kamera, mpige picha za video akicheza na akila, maana mbele ya daktari mtoto hubadilika. Uliza juu ya maswali 20 yaitwayo M-CHAT, ya watoto wa miezi 16 hadi 30, ambayo mzazi hujibu kwa ndiyo na hapana. Maswali hayo hayatoi hukumu. Huonyesha tu ni nani apelekwe mbele.

Pili, dai masikio na macho yapimwe kabla ya jambo jingine. Wako watoto walioitwa wajinga miaka mitano, kumbe walikuwa na usaha masikioni.

Tatu, omba barua ya kupelekwa hospitali kubwa ya kaunti. Jua mapema kwamba usonji na hali ya kukosa utulivu havionekani katika damu wala katika picha ya kichwa. Mtaalamu huvitambua kwa kumtazama mtoto, kucheza naye na kukuuliza wewe habari zake tangu mimba. Mtu akikwambia ulipe maelfu kwa picha ili aone usonji, shika njia urudi nyumbani. Picha huwa na kazi daktari akishuku jambo jingine, nawe una haki ya kuuliza ni jambo gani.

Nne, mtoto wa umri wa shule apelekwe katika kituo cha kupima watoto kwa ajili ya elimu. Vituo hivi vya Serikali vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na kazi yao ni kupima na kuonyesha mtoto asome wapi na kwa njia gani. Taasisi ya elimu maalum, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986, iko Kasarani, Nairobi, nayo hupima. Wazazi wangapi kati yetu walipata kuambiwa habari hizi? Kitu cha umma kisichojulikana na umma ni kama kisima kilichofunikwa.

Tano, hospitali ikithibitisha ulemavu, mwandikishe mtoto katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

“MSIMPE MTOTO JINA LA UGONJWA”

Wazazi wengine wanasema: “Mkimpima mtamwandikia jina baya, nalo litamfuata maisha yake yote.” Twawaheshimu wazazi hao, kwa sababu hofu yao ina sababu. Lakini twawajibu: mtoto huyo tayari ana majina. Ni mtundu, mjinga, mvivu, bubu, mwenye mapepo. Hayo ndiyo yanayomfuata, na hakuna hata moja linalomletea msaada. Jina la daktari lina faida yake. Humpa mafunzo ya kusema na mazoezi ya viungo. Huwafundisha wazazi namna ya kucheza naye na kumtuliza. Humpa mwenye kifafa dawa. Humpa mwanafunzi muda wa ziada katika mtihani wa taifa. Humfunga mdomo mkubwa wa shule anayetaka kumfukuza. Na humwondolea mama hatia iliyomnyima usingizi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

SIKU YA KLINIKI NA MSHAHARA

Sasa tunafika kwa tajiri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi siku 21 za likizo kwa mwaka, yampa mama miezi mitatu ya uzazi na baba wiki mbili. Yampa siku za ugonjwa akiugua yeye mwenyewe. Lakini likizo ya kumpeleka mtoto hospitali haimo katika sheria hiyo. Na mtoto huyu hapimwi kwa siku moja. Leo masikio, wiki ijayo daktari, mwezi ujao mtaalamu wa matamshi, kisha kila wiki mafunzo. Wataalamu wenyewe ni wachache, na wengi wako Nairobi. Mfanyakazi wa Kericho au Taveta afanye nini? Akienda, mshahara unakatwa. Akienda tena, anapewa barua ya onyo. Akienda mara ya tatu, mahali pake pamepata mtu mwingine. Basi huacha kwenda, kisha watu husema wazazi maskini hawajali watoto wao!

Mfikirieni mama mchuma chai anayetoka nyumbani kabla ya jua. Hana pa kumwacha mtoto anayekimbilia barabarani asijue hatari. Shule ya chekechea imemkataa. Jirani amechoka. Mama humfunga kamba mguuni, akaenda kazini akilia. Magazeti yakimwona yatamwita katili. Sisi twauliza: ni nani aliyeifunga kamba hiyo? Si mama peke yake.

Na pesa zetu zinakatwa. Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mwenye shilingi 20,000 hutoa 550 kwa mwezi, yaani 6,600 kwa mwaka. Haki yetu ni kuuliza, kwa maandishi, pesa hizo zinamfanyia nini mtoto huyu: kupimwa kiasi gani, mafunzo mara ngapi, hospitali gani.

Wengine watasema hii si kazi ya chama. Wakumbuke hivi. Kabla ya sheria ya 2007, mwanamke aliyechukua miezi miwili ya uzazi alipoteza likizo yake ya mwaka mzima, kana kwamba kuzaa ni kupumzika. Nalo lilikuwa “jambo la nyumbani.” Leo hakuna mtu anayelisema hivyo. Haki za nyumbani zikiandikwa katika mapatano huwa haki za kazi.

MADAI YETU

Twaomba kila tawi lijadili madai haya na kuyatia katika mapatano yajayo na waajiri, na katika barua kwa Serikali:

1. Siku zisizopungua kumi kwa mwaka, kwa mshahara kamili, za kumpeleka mtoto kupimwa na kufundishwa, bila kugusa likizo ya mwaka. Vibarua nao wasiachwe.

2. Mfanyakazi asipewe onyo wala asiachishwe kazi kwa kuonyesha barua ya kliniki.

3. Kila shamba na kiwanda chenye mahali pa kulelea watoto kipokee na watoto wenye ulemavu, na walezi wafundishwe.

4. Ukurasa wa hatua za ukuaji ujazwe kliniki kila mtoto aendapo kwa chanjo. Muuguzi aongezewe wenzake ili apate nafasi ya kuujaza.

5. Hospitali ziko chini ya kaunti tangu 2013. Kila kaunti iajiri wataalamu wa matamshi na wa mazoezi, na itangaze kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji siku wanazopatikana.

6. Mamlaka ya Afya ya Jamii ieleze waziwazi malipo ya kupima na ya mafunzo.

7. Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025 mahali pa ile ya 2003. Isilale kabatini kama nyingine zilivyolala.

NINYI NANYI

Lakini tusingoje Bunge. Wiki hii kila mwanachama akifungue kitabu cha mtoto wake. Kila tawi lichague watu wawili, mwanamke na mwanamume, wajue mahali kituo cha kupima kilipo na siku zake za kazi. Mwenye mtoto wa namna hii asiende peke yake. Mwenzake amsindikize, na ikiwezekana tawi limsaidie nauli. Na siku mtoto huyo akiletwa katika sherehe ya chama, asitazamwe kama sinema. Apewe kiti, soda na jina lake.

Tulipodai mshahara tuliambiwa tunywe maji tulale. Hatukulala. Mtoto asiyeweza kusema ana haki ya kusemewa, na kama mzazi wake akinyamaza na chama chake kikanyamaza, nani atamsemea?

Kidole kimoja hakivunji chawa.

UMOJA NI NGUVU!

Ni mimi mwanachama mwenzenu.

(Ukisha kusoma karatasi hii usiitupe. Mpe mwenzako wa zamu ijayo, na umsomee mama wa nyumbani.)